Jiwe la Liwa la Bibi Mastura na Taya la Marehemu Farasi

Kwa masikitiko makubwa, na kwa heshima zote zinazostahili, inatangazwa kwamba Bwana Hiparioni, farasi mwenye vidole vitatu kila mguu, anayedaiwa kuwa mkazi wa zamani wa bonde la Ruvuma, hatunaye tena. Alifariki dunia malaki ya miaka iliyopita, kabla hajapatikana mtu wa kufika msibani. Marehemu hakuacha mjane wala yatima. Ameacha kipande cha taya chenye meno. Habari ziwafikie punda wote popote walipo, pundamilia wa Mikumi na Serengeti, na ndugu, jamaa na marafiki. Mazishi hayatakuwepo, kwa kuwa sehemu ya mwili imekwisha kupakwa usoni mwa mabibi harusi wa Mahurunga.

Hilo la mwisho ndilo lililozua balaa. Aliyekuwa akiwapaka ni Bibi Mastura Twahiru, na habari hii ni yake, si ya farasi, maana farasi amekwisha kusemewa vya kutosha na watu wenye mishahara.

Bibi Mastura analima mpunga kule Mahurunga, bondeni, ambako ukizubaa kiboko anakuvunia. Ni mrefu, mwembamba, na ana sauti ya chini ambayo watu huinama ili waisikie, kisha wakajuta kwa nini waliinama. Mume wake wa kwanza alivuka mto kwenda Msumbiji kununua baiskeli, akapata na mke hukohuko. Baiskeli ililetwa na shemeji. Mume wa pili alikuwa muungwana, akafia nyumbani kwake kama watu. Mwaka ambao Ruvuma ilifurika ikaingia mpaka vyumbani, majirani walitoka na magodoro na redio. Bibi Mastura alitoka na kuku kwapani na jiwe kichwani. Kuku alimchinja maji yalipopungua. Jiwe alilirudisha mahali pake chini ya kitanda, juu ya kitambaa.

Kwa sababu, ukiacha mpunga, Bibi Mastura ni somo. Binti anayekaribia kuolewa huwekwa ndani, na somo ndiye anayemwangalia: humkanda, humwambia yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema, na humpaka liwa. Liwa ni kipande cha mti wenye harufu. Unadondoshea jiwe maji kidogo, unausugua mti juu yake, unatoka uji wa manjano, unampaka mwali usoni mpaka siku ya kutolewa, na akitolewa watu wanauliza huyu ndiye yuleyule tuliyekuwa tunamwona kisimani?

Masomo wengi wanasugulia vipande vya matumbawe vya kuokota pwani. Jiwe la Bibi Mastura lilikuwa jingine kabisa. Kahawia iliyokolea, kubwa kama kiganja cha mwanamume, na juu yake kuna mistari migumu ya kupindapinda, kama mtu aliyekuwa akichora mawimbi akakasirika. Hakuna liwa laini kama iliyotoka kwenye jiwe lile. Alipewa na somo yake, naye alipewa na somo yake, na kadhalika kurudi nyuma mpaka kwa wanawake ambao majina yao yamebaki kwenye dua tu.

Jiwe hilo lina kanuni moja, nayo naomba uishike, maana ofisi nzima yenye viti vya kuzunguka ilishindwa kuishika. Jiwe haliazimwi. Likilala kwako, wewe ndiye somo. Likiondoka, nawe umeondoka, na mwali anapelekwa liliko jiwe. Tena mwali akishakalishwa mkekani mbele ya somo, hainuki mpaka apakwe.

Basi, akaja Daktari Isaya. Si daktari wa kutibu. Ni daktari wa mifupa iliyokwisha kufa, kwa hiyo wagonjwa wake hawalalamiki. Alikuja kutoka Dar es Salaam na gari refu, mahema na burashi ndogondogo kama za kupaka rangi kucha, akachimba kando ya mto mpaka akapata magamba ya konokono, kandambili ya mguu wa kushoto na chupa ya bia ambayo, kwa mujibu wa uchunguzi, haikuwa ya kale. Siku ya kufungasha akapita uani kwa Bibi Mastura kuomba maji ya kunywa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anasugua liwa. Daktari akaangalia jiwe, akapiga magoti mchangani. Bibi akadhani njaa, akamletea uji.

Uji ukapoa. Daktari alikuwa anahutubia. Akaeleza kwamba lile halikuwa jiwe, lilikuwa taya. Na ile mistari ya kupindapinda ni meno ya farasi wa kale aitwaye hiparioni. Alikuwa na umbo kama la punda mkubwa. Kila mguu ulikuwa na kwato kubwa katikati, na pembeni vidole viwili vidogo vinavyoning'inia, haviendi popote, kama wajumbe wa kamati. Aliishi kwa makundi kwenye mbuga za wazi zilizo karibu na maji, akila nyasi ngumu zenye mchanga kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, ndiyo maana Mungu alimpa meno marefu, yenye kingo ngumu kama tupa. Jino likilika juu, linasogea kutoka chini. Fisi wakubwa na paka wenye meno ya kutisha walimtaka kila siku, naye akawa hodari wa kukimbia. Huko Laetoli, kaskazini, nyayo za jike na mwanawe zimekutwa kwenye majivu ya volkano, mtoto akikatiza njia ya mama yake, utundu mtupu, zaidi ya miaka milioni tatu nyuma. Kisha dunia ikabadilika, nyasi zikabadilika, wakatokea farasi wa kwato moja, na yeye akaisha. Sababu hasa bado inabishaniwa.

Nakiri ni maelezo matamu. Mimi mwenyewe nimeacha chuo kabla chuo hakijaniacha, na laiti wangenifundisha hayo badala ya nadharia za uongozi labda ningebaki mpaka mwaka wa pili.

Bibi Mastura alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akauliza swali moja.

"Huyo farasi alikuwa na mwenyewe?"

Daktari akasema hapana, alikuwa mnyama wa porini.

"Basi bibi zangu walimwokota halali."

Daktari akacheka, akasema si hivyo, Bibi. Kitu cha kale kama hiki kisipokuwa na mwenyewe kinakuwa cha taifa. Sasa hebu tulia hapo, msomaji, uone hesabu hiyo ilivyopigwa. Farasi anakaa mikononi mwa wanawake wa Mahurunga vizazi kwa vizazi, wanamwosha, wanamlaza kwenye kitambaa, wanamwokoa kwenye mafuriko, na bado hana mwenyewe. Anashikwa na mwanamume mwenye burashi kabla uji haujapoa, papo hapo amepata taifa. Kwani Bibi Mastura yeye ni wa wapi? Kura anapiga mwezini?

Akaulizwa bibi yake alilipata wapi. Akasema kwa bibi yake. Na huyo je? Kwa bibi yake. Daktari akafunga kalamu, akasema wataliazima kidogo tu, kwa vipimo.

Sisi wa kusini neno hilo tunalijua. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, hapo Lindi, ilibebwa kwa vichwa vya babu zetu mpaka baharini, ikapandishwa meli kwenda Ujerumani, na hadi leo imesimama Berlin inapigwa picha na watoto wa shule wa huko. Kwa hiyo mtu akija kusini kuazima mfupa, tunaagana nao kabisa. Bibi Mastura aliwaambia kanuni ya jiwe, kwamba haliazimwi. Daktari akasema ni mila nzuri sana, akairekodi kwenye simu, akaondoka na jiwe.

Jiwe likafikia ofisi moja ya utamaduni mjini Mtwara, upande wa Ufukoni, mikononi mwa Bwana Godfrey. Godfrey ni mtoto wa Njombe, mwimbaji wa kwaya, mtu mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu kwa makusudi. Yeye hukosea kwa taratibu. Akalitafutia jiwe sanduku la kioo. Sanduku likatafutiwa chumba, chumba kikafungwa kiyoyozi. Katika uhai wake wote farasi yule alistahimili jua la kiangazi bila malalamiko, lakini sasa amekufa, joto linamdhuru. Nje wakajenga sanamu ya saruji. Fundi alikuwa amewahi kuona punda tu, akajenga punda; alipoambiwa vidole vitatu akaongeza pembeni mwa kwato vitu viwili viwili kama viazi. Na Mahurunga kwenyewe, mbele ya uwanja wa Bibi Mastura, likasimikwa bango: ENEO LA URITHI. USICHIMBE. USIGUSE. USISUGUE.

Halafu ukaitishwa mkutano wa kijiji, na Godfrey akasema kwa masikitiko kwamba kuna watu, bila kuwataja, wamekuwa wakiharibu urithi wa taifa kwa shughuli za urembo. Watu wote wakageuka kumwangalia mtu ambaye hakutajwa. Bibi Mastura akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo aliokuja nao.

Hilo angelivumilia. Lililomkata maini lilikuwa jingine: mjukuu wake, Warda, alikuwa ameposwa na watu wa Mikindani, na ndoa imekaribia. Wanawake wakaanza kunong'ona, kwanza kisimani, halafu hata msibani, kwamba Mastura hana jiwe, na asiye na jiwe si somo. Wakwe wa Mikindani wakatuma salamu ndefu zenye swali fupi ndani yake: mtoto atatolewa na nani? Maana yake, wasije wakaletewa mwali mbichi. Miaka yote ile ameingiza wanawake wa bonde zima kwenye ndoa zao, halafu akifika kwa damu yake mwenyewe aketi pembeni kama mgeni mwalikwa?

Akatuma mtu Ufukoni kuomba jiwe lirudi kwa ajili ya harusi. Godfrey akalitafakari kwa moyo wote, na akaja mwenyewe Mahurunga na sanduku la kadibodi. Ndani mlikuwa na taya. Rangi ileile, mistari ileile. Alikuwa amemtengenezea Bibi nakala, ya plasta, bure, na alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kesi.

Bibi Mastura akamshukuru. Si mtu wa kukataa zawadi kabla ya kuijaribu. Latifa, mpiga ngoma wake na shoga yake wa tangu utoto, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo, akajitolea uso. Wakadondosha maji, wakasugua. Taya likaanza kulainika, likawa uji, uji ukapakwa. Kabla adhuhuri haijaingia uso wa Latifa ulikuwa umekauka kama dari lililokarabatiwa. Hakuweza kucheka, na kwa Latifa hicho ni kifungo. Walipombandua, alisema jambo moja kuhusu mama mzazi wa Godfrey ambalo sitaliandika, kwa kuwa mama huyo ni Mkristo mwema na hayumo katika kesi hii.

Watu walitarajia Bibi Mastura atakwenda kulia mbele ya ofisi, au atakwenda kwa mganga, au kwa diwani. Hakwenda kokote. Alikaa akaifikiria kanuni kama ilivyo. Jiwe haliazimwi. Likilala kwako, wewe ndiye somo. Jiwe linalala wapi? Ufukoni, kwa Godfrey, kwenye kiyoyozi. Basi mambo yako wazi. Akafungasha mkeka, akamwosha mjukuu, akamfunika kanga kuanzia utosini, akawaambia wanawake wapande kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Bahati ya Godfrey ilikuwa mbaya, au ya Bibi ilikuwa nzuri: ndiyo siku ambayo chumba cha farasi kilikuwa kinazinduliwa. Maturubai yamefungwa, spika zinapimwa, mgeni rasmi yuko njiani. Godfrey alipoona wanawake wanashuka na ngoma, akajua ni kikundi cha burudani kimewahi, akawapokea kwa bashasha, akawaambia watacheza baada ya sala ya ufunguzi. Wao wakampita wakaingia mpaka ofisini kwake. Wakasogeza kiti cha wageni, wakatandika mkeka mbele ya meza, wakamkalisha Warda, kichwa chini, kimya, kama mwali anavyotakiwa kuwa. Halafu wakakaa wote ukutani.

Godfrey akaja nyuma yao mbio. "Shikamoo, Bibi. Vipi tena?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mwali wako."

Godfrey akasema yeye ameshaoa. Latifa akamwambia hakuna anayekuoza, baba; umepandishwa cheo. Akaanza kumwita Somo. Somo, hujambo? Somo, mbona umesimama, mwali anakungoja. Umkande kwanza, Somo, mgongo unamuuma kwa safari. Halafu umwambie yale mambo. Tunakusikiliza, na sisi tujifunze, maana labda Njombe mna mapya.

Bibi Mastura yeye hakutania. Ndicho kilichowatisha. Alimweleza Godfrey kwa sauti yake ya chini, naye Godfrey akainama ili aisikie: jiwe liko kwako, kwa hiyo somo ni wewe. Mtoto amekwisha kukalishwa. Hainuki mpaka apakwe liwa ya jiwe lile. Akiinuka mkavu, amevunjika, na wakwe wana haki ya kumkataa. Sisi tumeshafanya letu.

Daktari Isaya akaitwa. Akaeleza kwa uchungu wa kweli, nisimwonee, kwamba kila liwa inapopita juu ya meno yale kuna kitu kinafutika ambacho hakitarudi: mikwaruzo midogo inayoonyesha farasi alikula nyasi gani. Bibi Mastura akasema anamwamini. "Basi mpake wewe uonavyo," akamwambia. "Daktari na Somo, saidianeni."

Wanaume wale wawili wakaangalia mkeka, wakaangaliana. Warda hakuinua kichwa, ila kanga ilikuwa inatikisika mabegani, na wanawake wanajua ilikuwa ni kicheko, na Godfrey alijua ni kilio. Latifa akagonga ngoma pole pole. Umati ukasogea madirishani, wa maturubai yote. Simu ya Godfrey ikaita. Alikuwa mkewe, Happiness, na alikuwa anauliza kwa utulivu kabisa ni bibi harusi gani huyo anayeambiwa yuko ofisini kwa mume wake. Halafu kikasikika king'ora. Mgeni rasmi ameingia barabara ya Ufukoni.

Godfrey akatoa funguo mfukoni.

Sanduku la kioo likafunguliwa. Jiwe likaletwa limebebwa kwenye kitambaa cheupe na mtu mwenye glavu, Bibi Mastura akalipokea kwa mikono mitupu, akalitazama juu na chini kama mama anayempokea mtoto kutoka kwa ndugu wa mjini, akaliweka juu ya meza ya Godfrey katikati ya mihuri. Akasema wanaume nje.

Wakatoka. Godfrey akatoka ofisini kwake, Daktari akatoka kwenye ugunduzi wake, na mgeni rasmi, aliyeshuka garini na hotuba mkononi, akaambiwa na mwanamke mlangoni kwamba haingiliki, mwali anapakwa. Mgeni rasmi alisimama juani pamoja na ulinzi wake, kando ya punda wa saruji, akisikiliza ngoma na nyimbo ambazo maneno yake yalimfanya mlinzi mmoja aangalie viatu. Ndipo kwa mara ya kwanza katika mkasa huu wote watu wenye vyeo wakangoja na Mahurunga ikafanya kazi. Kwa kweli, nikiwa rais, ningepitisha sheria iwe hivyo kila mwezi.

Mlango ulipofunguliwa, Warda alikuwa na uso wa manjano laini, amesimama. Mkeka umekunjwa. Jiwe lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye kanga, na kanga iko chini ya kwapa la Bibi Mastura, palepale alipokaa kuku mwaka wa mafuriko. Daktari akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Si kwa sababu ameelewa. Ila wale wanawake walikuwa wengi, na mwingine alikuwa na kinu. Akaomba basi awe anakwenda Mahurunga kulitazama. Bibi akamkubalia, ila aje baada ya mavuno, na uji akipewa anywe ungali moto.

Wakwe wa Mikindani walikuwa wamekwisha kupata habari kabla kirikuu hakijawashwa. Salamu ikarudi, fupi safari hii: somo ajulishwe kwamba wako tayari.

Ila Godfrey hakuweza kuziacha spika zikae bure. Mgeni rasmi amesimama, kamera zimewashwa, sanduku la kioo halina kitu. Akamsogezea Bibi Mastura kipaza sauti. Akasema kwa sauti ya kwaya, akiyatandaza maneno: kwamba mbele yetu ni mama aliyemhifadhi kiumbe wa ajabu, aliyetimua mbio katika mbuga hizi kabla ya mtu, mwenye vidole vitatu na meno yaliyoshinda mchanga, fahari ya Mtwara, fahari ya Ruvuma, fahari ya dunia. Akamwomba aliambie taifa neno moja juu ya farasi huyu.

Bibi Mastura akafungua kanga kidogo, akapitisha kidole gumba juu ya meno.

"Ameanza kuisha upande huu," akasema. "Mna mwingine?"